Asnath, Uliyewaambia Watu wa Mungaa "Mnaweza"

Mwaka umetimia, Mama Ritha, tangu ulipotutoka ile Jumapili asubuhi, kengele ya ibada ya kwanza ikilia. Nyumba ipo, kuku wako wapo, na Joshua ameanza sekondari kama ulivyotaka. Tumeshindwa tu kuzoea Ijumaa jioni. Ndiyo saa uliyokuwa ukirudi kutoka vijijini, vumbi hadi kwenye kope, ukiuliza mlangoni kabla hata ya kuvua viatu, "Jamani, kuna chochote cha kula humu?"

Wengi walikujua kama Bibi Maendeleo. Ulikuwa hivyo kweli, mpaka serikali ilipopunguza watumishi na jina lako likasomwa. Mimi nilikata tamaa kuliko wewe. Ulikaa nyumbani wiki chache, ukapanda alizeti nyuma ya nyumba, kisha ukaniambia, "Baba Ritha, biashara imeachiwa huru, ushirika umelala, wanunuzi wanaingia vijijini na magunia yao. Watu wetu watatetewa na nani wasipojua kujitetea?" Ukajiunga na shirika dogo pale mjini, na kazi yako ikawa kufundisha vikundi. Vya nyuki, vya alizeti, vya visima. Shelui walikujua, Nduguti walikujua, na madereva wa malori walikupa lifti bila kuuliza unakwenda wapi.

Ulikuwa na namna yako. Kiti ulichowekewa mbele ulikihamisha, ukakaa na watu. Ramani ya kijiji mliichora chini kwa majivu. Asiyejua kusoma alipiga kura kwa punje, hindi kwa mgombea mmoja na mbegu ya alizeti kwa mwingine, ndani ya chungu kilichofunikwa kanga. Na kabla ya wakubwa kuanza kuongea, ulimgeukia mwanamke aliyekaa karibu na mlango. "Wewe dada, unaonaje?" Kisha ulingoja. Ulijua kungoja, mke wangu. Wengine walianza kukohoa na kujikuna, wewe ukawa unangoja tu mpaka yule dada afungue mdomo.

Nyumbani nako hatukupona. Kila Jumamosi tulikuwa na kikao cha familia, Ritha mwenyekiti. Siku moja nilidakia bila kunyoosha mkono, Ritha akaninyamazisha, ukacheka mpaka ukashikilia mlango.

Kisha ikaja habari ya Mungaa. Tunaisema hapa kwa sababu kaka yako Alute mwenyewe ameridhia isemwe.

Alute ndiye aliyekulea baba na mama walipofariki. Alikupeleka shule ya bweni kwa baiskeli, wewe nyuma umekumbatia sanduku. Ndiye pia aliyehangaika kwenda na kurudi mjini mpaka kikundi cha kijijini kwao Mungaa, Kikundi cha Upendo, kikapata mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Mashine ikakaa nyumbani kwake, ufunguo mfukoni mwake, na uenyekiti ukawa wake tangu siku ya kwanza. Hakuwa mwizi. Aliamua tu peke yake nani akamue leo, nani angoje, mafuta yauzwe kwa nani. Akisafiri, kina mama walirudi makwao na magunia yao kichwani.

Shirika likakutuma huko. Nilikushauri ukatae, ukasema ukikataa kwenda kwa kaka yako, vijiji vingine utakwenda na uso gani. Siku ya pili ya mafunzo, mwanachama mmoja, Rahabu, akasimama. "Dada Asnath, haya ya kumwuliza kiongozi na kumchagua upya, ni ya vikundi vya wenzetu tu, au na sisi tunaweza?"

Kaka yako alikuwa amekaa hapo hapo. Ukajibu neno moja.

"Mnaweza."

Baada ya mavuno walipiga kura, Rahabu akawa mwenyekiti. Alute aliweka ufunguo mezani akaondoka bila kuaga.

Ulipokwenda kumsalimu, "Shikamoo, kaka," aliitikia "Marahaba" huku akitazama ng'ombe wake. "Nilikubeba mgongoni," akasema, "nawe umenivua nguo mbele ya watu." Kila ulipopita Mungaa ulimfikia hivyo hivyo, ukamwachia wifi yako Leah sukari na majani ya chai. Kaka yako hakukukaribisha ndani. Siku hizo ulirudi ukapika bila kusema kitu, nasi tulijua umetoka wapi.

Figo zilipogoma ukalazwa, alikuja. Tulifurahi mno. Alivua kofia, akakaa kitandani, akakushika mkono. "Sema tu kwamba ulikosea," akasema, "yaishe." Nilitamani useme. Mungu ananijua, nilitamani. Ukamjibu kwa sauti ndogo, "Kaka, uchungu ulioupata uliupata kwangu, naomba unisamehe. Lakini kura ilikuwa yao. Hiyo siwezi kuiombea radhi."

Akavaa kofia yake. "Basi, ugua pole." Akatoka. Hukumwona tena.

Najuta sikumfuata pale nje nikamrudisha. Ritha anajuta kwamba hakuwahi kufuatana nawe vijijini akakuona unafundisha. Ulimwita kila likizo.

Mwezi uliopita Rahabu alitualika kwenye mkutano mkuu wa Upendo. Kaka yako alikuwepo, benchi la nyuma, mwanachama kama wengine, na tuliambiwa kwamba tangu kura ile hajawahi kusema neno kikaoni. Rahabu alipomaliza kueleza mauzo, mkono ukanyooka kwenye benchi la nyuma.

"Mwenyekiti, nina swali. Huyu mnunuzi wa safari hii, sisi wanachama tulimkubali lini?"

Watu wote waligeuka. Rahabu alisita, kisha akakiri kwamba viongozi walikuwa wameamua wenyewe, akaomba radhi. "Nashukuru, mwenyekiti," akasema Alute, akakaa.

Nje alinishika bega. "Shemeji, yule mama ameumia, nimemwona. Lakini ilibidi aulizwe." Akavua kofia. "Mdogo wangu hakukosea. Nami nilimwacha pale kitandani bila kumwambia." Akalia, mtu mzima yule, ameegemea magunia ya alizeti.

Alipojua tunaandika kumbukumbu hii, aliomba jina lake lisitangulie, ingawa ndiye mkubwa wa ukoo. "Niwekeni na wanachama," alisema. Tumefanya hivyo.

Unakumbukwa na mimi mumeo Yeremia, watoto wako Ritha na Joshua, wifi yako Leah, na wanachama wote wa Kikundi cha Upendo, Mungaa: Rahabu, mwenyekiti, Simeoni, katibu, Alute, mwanachama, kaka yako.

Pumzika, Mama Ritha. Maisha yetu yote tutakukumbuka.