Pacha wa Balun ya Kisegi

Jaduong' Odhiambo, mzee wangu,

Mwanafunzi wako ana bahati ambayo Migori nzima inaionea wivu. Kati ya mafundi wote uliowafundisha, ni mimi niliyekuwepo ufuoni Kisegi siku injinia wa Nairobi alipoitukana kazi yako, na ni mimi niliyemfunga mdomo mbele ya wavuvi. Walinibeba juu, nusura nigonge paa.

Sikia alichofanya. Redio ya wavuvi ya uokoaji ilianza kukwama wiki tatu baada ya kukuzika. Injinia akashusha balun yako kutoka mlingotini, ile transfoma ndogo uliyoisuka kwa mkono ili nguvu ya kebo moja igawanyike sawa kwa mikono miwili ya antena. Akaiunga mgongo kwa mgongo na yake ya dukani, akasukuma mawimbi upande huu, akasoma yaliyotokea upande ule. Desibeli tatu zimepotea, yaani nusu ya nguvu. "Yangu ina cheti," akasema, "kwa hivyo mwizi ni hii ya mzee." Halafu, mbele ya mkeo, Mama Akinyi, akauliza kama ulikuwa unasuka balun ama kamba ya kufunga mbuzi. Watu wakacheka. Mama akajifunika uso kwa leso.

Cheti. Tangu lini karatasi ikapima waya?

Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini hata mimi najua ukiunga mbili zisizofanana huwezi kujua ipi imekula nini. Si ulinipiga kofi la shingo kwa kosa hilohilo? "Pima mapacha, Okello, kichwa maji wewe." Ndiyo maana kila balun ulisuka mbili, waya uleule, mizunguko ileile, moja iende kazini na nyingine ilale kwenye mkebe.

Hiyo yako waliitupa pembeni. Nikaiokota, nikaileta kwenye karakana yangu Migori, nikaiunga na pacha wake wa mkebeni. Zote mbili pamoja zimepoteza nusu desibeli. Kila moja robo. Kama mwizi yupo, basi ana cheti.

Sikufurahi mapema, maana ulisema kupoteza kidogo si kugawa sawa. Nikaweka rizista mbili sawa, moja kila mkono, nikatazama kwenye skopu, ile mashine ya kuchora mawimbi. Wimbi moja likipanda, lingine linashuka, kimo kimoja. Nikalia, Jaduong'. Mteja akadhani nimepigwa na stima.

Na redio yao bado inakwama, balun yake mpya ikiwa juu kule. Kebo imeingia maji; niliona ncha yake imeota kutu ya kijani. Hakuna mwingine aliyeiangalia, walikuwa na haraka ya kukulaumu wewe ambaye huwezi kujibu.

Pumzika, mwalimu wangu. Siku ya soko nitakuwa Kisegi na mapacha wote wawili, rizista na skopu. Nitapima mbele ya Mama Akinyi na mbele ya kila aliyecheka, hata kama itabidi niwasimamishe mmoja mmoja.

Lile la kumfunga injinia mdomo nimekudanganya. Hakuna aliyenibeba. Nilitazama viatu vyangu, na walipocheka, mimi pia nilicheka.