Njia ya Bomba Inafika

Ghorofa ya pili, mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya magreda.
Jumapili, tarehe 6 Julai.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza. Nakujua: ukifungua bahasha utaruka moja kwa moja kwenye habari za mlima. Rudi hapa juu. U hali gani? Baridi ya huko imepungua? Kazi zinakwendaje? Na mguu, ule mpya, umeacha kukuchubua pale unapoingilia, au bado kila asubuhi unautukana kabla ya kuuvaa?

Sisi hatujambo. Wifi yako mzima, ila siku hizi ananiambia nimenenepa. Mimi namwambia nguo ndizo zilizorudi. Amenyamaza, na unajua mke wangu akinyamaza ujue hajakubali.

Mimi nipo. Tangu tulipomzika kaka mwezi wa kwanza, sijapata neno jingine la kujibu nikiulizwa hali. Nakwenda kazini, nagonga mihuri, narudi. Watu wakiniambia pole, nawajibu nimeshapoa, na si uongo: nimepoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Silii, sikasiriki. Juzi nilikalia miwani yangu ikavunjika mkono, nikaifunga kwa uzi, nikaendelea kusoma.

Basi, barua yako. Niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kuisoma chooni, maana wifi yako alikuwa akinitazama usoni. Umeandika kwamba hukuwahi kumzika kaka kwa sababu ulikuwa kitandani hospitali, na kwamba ukija likizo mwezi wa nane unataka kulala usiku mmoja pale Bapa, juu mlimani, pale alipokuwa akipiga hema kila mwaka. Ukaongeza: “Usinichagulie njia ya wagonjwa. Nichagulie njia inayofika.” Maneno mafupi, lakini yamenitoa jasho wiki tatu.

Nikueleze hali ilivyo, maana mlima uliouacha siyo huu. Mwezi wa tatu uliungua siku kumi na moja. Njia ya Misonobari, ile iliyokuwa na kivuli mpaka juu, imefungwa kabisa. Miti imebaki imesimama myeusi, na inaanguka yenyewe hata pasipo upepo. Hata ningekuwa na roho ya kukupitisha pale, walinzi wangenifunga kamba.

Mwezi wa tano ikaja mvua, na udongo uliokosa majani haukushika kitu. Barabara ya kwenda Mgongoni, kwenye njia aliyoipenda kaka, imekatika pale kwenye kalavati. Kalavati lenyewe lilikutwa chini bondeni, limekaa wima kama pipa. Mimi ndiye niliyeandika tangazo la kuifunga, kwa mkono wangu, nikagonga muhuri, nikalibandika ukutani. Wiki iliyofuata nikapokea barua yako. Kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kulaumu, yupo ofisi namba nne, mezani karibu na dirisha. Dereva wa greda ameniambia waziwazi, “Mzee, kabla ya mwezi wa kumi na moja usiniulize.” Kutoka pale barabara ilipokatika ni kilomita kumi na nne za mawe yaliyolegea kabla hata hujaanza kupanda, na wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mawe yaliyolegea ni adui yako kuliko mlima wenyewe.

Ikabaki Njia ya Bomba. Ni ile inayofuata bomba la maji la zamani, na watu wa maji waliichonga ili wakague viungio. Kwa kuwa bomba halipendi kupanda ghafla, njia nayo inazunguka zunguka taratibu. Moto haukuishika, kuna unyevu mwingi, na gari linafika hadi kwenye nyumba ya pampu. Lakini niliifuta siku ya kwanza. Wifi mkubwa, mjane wa kaka, alinipa lile daftari la kaka la safari, na humo ameandika, kwa herufi zake zilizolala: “Bomba hadi Bapa, saa sita.” Saa sita za kupanda, nikawaza, hapana. Sitamfanyia mdogo wangu hivyo. Nikaanza kukuandikia barua ya kukuomba uahirishe hadi mwakani. Nilifika ukurasa wa pili.

Hata hivyo nilienda kumwona yule mlinzi wa msitu, Filimbi. Unamkumbuka kwenye hadithi za kaka, anayepiga filimbi hata akiwaona tumbili. Nilitaka anithibitishie tu, nikutumie barua nikiwa na shahidi. Nikamwambia saa sita.

“Saa sita? Nani kakudanganya?”

“Imeandikwa na kaka.”

“Alipita na nani?”

“Na mimi.”

Akanitazama kuanzia viatu, akafika tumboni, akapumzika hapo. “Basi hizo si saa za njia, mzee wangu. Hizo ni saa zako.”

Nikacheka, maana naujua mzaha unaostahili. Lakini hakuishia hapo. Akasema kaka alipokuwa peke yake alipanda Bomba kwa saa mbili na nusu, tena akiimba. Akaniuliza kama sikuona alivyokuwa akiinama kila mara kufunga kamba za viatu. Niliona sana! Miaka ishirini na mbili nimemcheka kwa hilo, mtu mzima hajui kufunga fundo. “Viatu vyake havikufunguka hata siku moja,” Filimbi akasema. “Alikuwa anakupa nafasi uvute pumzi, usione haya.”

Nilingoja kitu kipasuke kifuani. Nilikaa pale kwenye benchi lake nikangoja kabisa, kama mtu anayengoja chafya. Hakikupasuka. Nikamuuliza kama kuna chai iliyobaki. Ilikuwapo.

Jumamosi ya jana tukapanda wote wawili, nimebeba mfuko wenye uzito sawa na utakaobeba wewe, na futi ya kupimia niliyoiazima kazini. Nimepima pale penye shaka tu. Njia ina upana wa hatua moja na nusu karibu kote, udongo umeshikana vizuri. Kijito kimoja, kina magogo mawili na kamba ya kushikia. Pagumu ni mahali pamoja tu: ngazi ya chuma yenye vipago vinane karibu na tangi la maji. Ukiikwepa unazunguka kwa robo saa, kuna utelezi kidogo lakini fimbo mbili zinatosha. Kushuka, ambako ulisema ndiko kunakokuumiza, hakuna mteremko mkali hata mmoja. Mimi nimefika kwa saa nne na dakika kumi, na mara tatu nilikaa chini bila kisingizio chochote. Wewe utaniacha. Filimbi anasema hivyo, na mimi sina ubishi.

Sasa jambo ambalo ningeweza kukuficha. Bapa nayo iliungua. Moto ulishuka kutoka upande wa misonobari ukaila nyasi yote hadi kwenye mwamba. Chemchemi inatoa maji, nimeyanywa. Ile sehemu ya hema haijulikani tena ilianzia wapi. Usitegemee nikuandikie kwamba majani yameanza kuchipua. Pengine yameanza, sikuangalia. Nilikaa kwenye mwamba nikala mkate wangu, nikauona mji kule chini, nikajaribu kumfikiria kaka nikajikuta nafikiria magogo ya kijito, kama yatabeba watu wawili. Ndivyo nilivyo siku hizi. Nakuambia ili usije ukakuta weusi mtupu ukadhani nilikulaghai, au ukanikuta mimi ukadhani simkumbuki.

Njia inafika, basi. Kinachokungoja huko ni majivu na kaka mmoja mwenye kitambi. Ukiona hilo halitoshi kwa safari ya mbali namna hii, niambie. Sitakuuliza kwa nini, na wifi yako nitamzuia asiulize, ingawa hilo sikuahidi.

Lakini nimekwisha kukata kibali. Nilipitia kwenye ofisi ya walinzi wa msitu tukishuka, kwa sababu nafasi za mwezi wa nane ni chache na njia nyingine zimefungwa. Kibali ni cha tarehe 21 hadi 23 Agosti. Kwenye fomu kuna mstari unaouliza idadi ya watu. Kila mwaka nimeandika wawili. Safari hii nikaandika wawili, kalamu haikusita hata kidogo, na nilikuwa nimeshamrudishia karani karatasi ndipo nikatambua nimeandika nini. Nikasimama pale dirishani. Karani akasoma, akaniuliza, “Wawili, sawa?” Watu nyuma yangu walianza kuguna. Nikamwambia sawa. Ni mimi na mdogo wangu.

Wifi yako anakusalimu na anauliza utalala upande gani wa kitanda cha wageni ili aweke kiti cha kuwekea mguu. Wifi mkubwa anakusalimu; anakula, anatoka, Jumatano alikuja akatushinda karata. Shangazi naye anasema usimletee zawadi, maana yake umletee. Filimbi hakujui ila amesema nikusalimu.

Mungu akutangulie barabarani na angani, akulindie mguu wa nyama na wa kutengenezwa, akufikishe mlangoni kwetu ukiwa na njaa.

Ndimi kaka yako aliyebaki,
akupendaye kwa mwendo wake.