Pasipoti Iliyokwenda Kuombewa

Moshono, Arusha

Mama yangu,

Shikamoo. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Mguu wako unaendeleaje? Baridi ya Wundanyi imepungua, au bado unalala na soksi? Sisi huku tunapumua. Upendo anakohoa kidogo, ila shule anakwenda.

Najua umenuna tangu Kaka Mwadime alipokuambia kwamba naomba uraia wa huku. Lakini mama, nyumba hii niliijenga na marehemu Eliakimu tofali kwa tofali, na tangu tumzike, shemeji yangu haishi kunikumbusha kwamba mgeni hamiliki ardhi. Anayasema hayo akiwa amekaa sebuleni kwangu, miguu juu ya stuli. Na kisheria hajakosea. Ndiyo maana nikaomba, na ndiyo maana nilipoitwa kwenye usaili nililia kwa furaha.

Sasa sikiliza yaliyonipata, maana mpaka leo kichwa kinaniuma.

Usaili ulikuwa Alhamisi. Waliniambia niende na pasipoti yenyewe, si nakala kivuli. Jumatatu nikafungua sanduku chini ya kitanda. Bahasha ipo, pasipoti haimo. Nikapekua kabati, nikakung'uta magodoro, nikamwaga hadi ndoo ya unga. Nikamgombeza Upendo bure, mtoto akalia. Pasipoti ikipotea ni polisi kwanza, kisha ubalozini kwetu Dar, kisha kuanza upya, na shemeji hangojei.

Ndipo Upendo akasema katikati ya kwikwi, "Jana Bibi alifungua sanduku."

Bibi ni mama mkwe wangu. Jumapili alikuwa ametuletea mkungu wa ndizi mshare kutoka kwake Nkoaranga. Nikampigia, simu imezimwa, kama kawaida yake. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini nikapanda mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha. Bodaboda akanishushia barabarani, akasema pikipiki yake haipandi tope lile, nami nikakikwea kile kijia viatu mkononi. Nikamkuta shambani anachuma kahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mama Upendo! Mbona umelowa hivyo?"

"Mama, umeiona pasipoti yangu?"

"Ipo," akasema, anacheka. "Ipo kwenye maombi."

Nilishika mti wa kahawa nisianguke. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari njema: aliichukua ili akina mama wa usharika waiwekee mikono, usaili wangu uende salama. Wakaiombea. Kisha mwenyekiti wao akasema atabaki nayo aendelee kuiombea kwake.

"Kwake ni wapi?"

"Hapo chini tu. Ila hayupo. Amekwenda Kikwe, dada yake amefariki."

"Na pasipoti?"

"Iko kwenye pochi yake. Hata msibani anaomba, mwanangu."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Angekuwa mtu mwingine ningepiga kelele mpaka majirani watoke. Lakini huyu ndiye aliyelala nami chini Eliakimu alipokufa, na ndiye anayemkemea mwanawe akija kunitisha. Nikameza. Nikamsaidia kubeba debe la kahawa hadi nyumbani, huku nimefura kama andazi.

Jumatano nikaenda Kikwe. Mtu haingii msibani akasema nipeni pasipoti yangu. Nilitoa pole, nikakaa na wanawake, nikamenya ndizi na watu nisiowajua, nikamlilia marehemu ambaye sikuwahi kumwona. Mungu anisamehe, nilikuwa najililia mwenyewe. Tulipotoka makaburini ndipo mwenyekiti akafungua pochi. Pasipoti ilikuwa imeviringishwa kwenye leso, imekaa pamoja na chapati, na jalada limenyonya mafuta.

"Tumeiombea sana," akaniambia, macho mekundu kwa kulia. Nikamwambia asante.

Kesho yake afisa aliishika kwa vidole viwili. "Hii imekuwaje?"

"Ilikuwa msibani," nikasema. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Akaifuta, akaendelea. Maswali yote nilijibu vizuri, mpaka aliponiuliza, "Uko tayari kuukana uraia wako wa kuzaliwa?" Neno hilo, mama. Kukana. Nilikuona jikoni kwako umenigeuzia mgongo.

"Uraia, ndiyo," nikasema. "Ila mama yangu yuko kule. Yeye siwezi."

Afisa hakuinua uso. "Hatujakuuliza habari za mama yako. Ni ndiyo au hapana?"

Nikasema ndiyo.

Nimeambiwa nisubiri, nitajulishwa. Lini, hakuna anayejua. Juzi shemeji alikuja kuulizia, nikamwambia majibu yakitoka atayaona kwenye hati ya kiwanja. Nilijikaza kusema hivyo, lakini alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

Nimechoka, mama. Mama mkwe kanipenda mpaka akanipotezea pasipoti, nikashindwa kumkasirikia. Wewe nimekukasirikia, nakuambia waziwazi. Wiki ile yote nilikuwa nataka mtu wa kumlalamikia, nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Mtu wa kumlalamikia mimi ninaye mmoja tu.

Nisalimie Kaka Mwadime, mwambie ahsante kwa kuniwahi kukuambia. Nisalimie Shangazi Mghoi na ile kwaya yake, na mke wa mjomba, yule aliyenifundisha kushona. Mama mkwe anakusalimu sana. Anasema anakuombea, nami nimemwomba akuombee bila kuchukua kitu chako chochote.

Barua hii anakuletea dada mmoja anayeuza vitenge soko la Taveta. Mpe majibu, hata kama ni ya kunitukana.

Desemba shule zikifungwa ninakuja na Upendo. Mpakani nitaulizwa mimi ni wa wapi, nimeshazoea. Mlangoni kwako usiniulize.

Ni mimi mwanao,
Wakesho