Jani Lililoachwa Wazi

Bukhara, Jumamosi

Dada yangu Robiya,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umeketi vizuri, goti limepoa, na zabibu ulizoanika zimekauka bila kuguswa na mvua. Sisi huku hatujambo. Shinikizo la damu limetulia, na pilau nala mara moja tu kwa wiki, kama ulivyoniamuru.

Unamkumbuka Sanobar, yule mdarizi kiziwi niliyemfundisha tangu akiwa mtoto. Tangu nistaafu, mimi ndiye mkalimani wake. Mwaka huu benki moja mpya hapa mjini ilimwalika yeye na wasanii wengine watano wenye ulemavu watundike kazi zao katika ukumbi wa wateja. Mkurugenzi, Bwana Alimov, aliahidi kwamba wageni wa makao makuu wakiridhika, atawapa wasanii chumba cha chini, chenye mwanga na kisicho na ngazi, kiwe karakana yao. Kwa sasa wanafanyia kazi kwenye ujia wa zahanati. Mastura, anayedarizi akiwa kwenye kiti cha magurudumu, husukumwa kando kila machela inapopita. Kwa hiyo chumba hicho si jambo dogo.

Sanobar alileta suzani yake, ile nguo pana ya ukutani yenye makomamanga mekundu. Wewe unajua kwamba mdarizi huacha jani moja limechorwa tu, bila uzi, lakini ualimu haujanitoka, niache nieleze: nguo ikikamilika kabisa ni kama kusema nyumba nayo imefika mwisho wake. Sanobar aliliacha jani hilo kwa ajili ya bintiye Lola, ambaye mimba mbili zimemharibikia na sasa ana ya tatu.

Bwana Alimov amelelewa kwenye maghorofa ya mji mkuu. Alilitazama lile jani tupu akasikitika. Alisema maskini, mikono imemchoka. Amalizie taratibu, asione haya. Nikamweleza desturi. Akacheka kwa upole, akaniambia, "Mwalimu, wageni hawaji kusoma desturi. Watasema tumetundika kazi nusu kwa sababu ya huruma. Nipeni ikiwa imekwisha Jumatatu."

Sanobar akaniuliza kwa ishara yule mwenye tai anasema nini. Nikamwambia anasifu rangi. Akauliza, "Rangi zote hizi, mbona kidole chake kiko pale pasipo na rangi?" Ikanibidi nimweleze. Akajibu, "Mwambie amalizie kwanza masharubu yake." Viziwi wenzake wakaangua kicheko. Alimov naye akatabasamu, akataka kujua amesema nini. Nikamwambia kwamba amekubali.

Nilidhani hadi Jumatatu nitakuwa nimepata njia.

Jumanne Sanobar alikuta jani limejaa uzi wa kijani. Aliigeuza nguo, akapapasa mishono kwa nyuma, akasema hii si kazi ya msichana wa benki, ni mkono uliozoea. Katika kikundi chao, zaidi ya yeye mwenyewe, anayeujua mshono ule ni Mastura peke yake. Mastura alilia, akaweka kiganja juu ya mkate, akaapa kwamba si yeye. Mimi nikakichukua kiapo chake mdomoni mwake nikakieleza kwa mikono yangu, neno kwa neno. Sanobar aliutazama mkate, kisha akanitazama mimi. "Sauti yake siisikii," akasema. "Mikono yako naijua tangu nina miaka saba. Mwalimu, wewe unamwamini?"

Nikamjibu kwamba sijui.

Dada, nilijua. Jani lile nililijaza mimi. Ilikuwa Jumatatu mchana, wafanyakazi walipokwenda kula. Mlinzi alinifungulia akidhani nimekuja kuinyoosha nguo ukutani. Nilishona kwa mshono ule ule aliotufundisha mama, na haukunichukua muda zaidi ya kunywa birika moja la chai. Nilijiambia kwamba nakiokoa chumba. Tena, nikuambie lililo baya zaidi: Alimov alipolipiga picha jani lile, nilifurahi kwamba mishono yangu haikupinda.

Sasa Sanobar anataka Alhamisi, mbele ya wageni, niseme kwa sauti kwamba Mastura atolewe kikundini. Nikisema, namwangamiza mtu asiye na kosa. Nikikaa kimya, Sanobar atasoma nyuso za watu, ajue sikusema. Nikikiri, Alimov atajua nimemdanganya tangu siku ya kwanza, na wote sita watabaki kwenye ujia wa zahanati. Naye Lola amekwisha kusikia habari za jani. Mama yake anasema hapati usingizi. Hakuna anayenishuku, kwa kuwa kila mmoja wao hupata habari za mwenzake kupitia kwangu.

Nakuomba uje na treni ya Jumatano. Katika ukoo wetu umebaki wewe tu unayejua ishara alizotulea nazo mama. Sitaki unitetee. Nataka uwe mdomo: nitakapomwambia Sanobar kwa mikono, wewe uwasomee Mastura na Alimov kila ninachoonyesha, na nikisita usinimalizie. Leo asubuhi nilijaribu mbele ya kioo. Unajua kwamba kusema "mimi" ni kidole kimoja tu kuguswa kifuani. Kidole hakikufika.

Wasalimie shemeji na wajukuu wote, na umbusu mdogo kwa niaba yangu. Goti likikataa safari, nijulishe mapema, nisije nikakusubiri kituoni.

Mdogo wako,
Nizomiddin