Plasta ya Baba Kwenye Kioo

Machi 4

Kwako Baba,

Shikamoo. Habari za machimboni? Sisi tunaendelea, ila kidonda cha Mama mguuni bado kibichi. Muuguzi anasisitiza kioshwe kliniki kila Ijumaa. Kwa mgonjwa wa sukari si jambo la kuchezea.

Najua Baba Mdogo ameshakufikishia umbea, maana dereva wa lori la kokoto ameondoka na barua yake. Ndiyo, nimekwaruza gari getini, upande wa kulia, kuanzia taa mpaka mlangoni. Lakini nilifuata ulivyonifundisha! Ile plasta uliyobandika sehemu ya chini ya kioo cha mbele iwe alama yangu, niliilenga kwenye nguzo ya kushoto ya geti, na kulia sikuangalia, kama ulivyoamuru. Sijui nimekosea wapi, na inaniuma.

Mwanao

Machi 9

Kwako binti yangu,

Marahaba. Huku wazima, tunakula vumbi tu. Mpe pole mama yako.

Sasa nisikilize. Upande wa kulia! Upande uliokalia mwenyewe! Plasta hiyo naitumia tangu hujaota meno, haijawahi kunidanganya. Gari si toroli. Niliwatambia wenzangu kwamba binti yangu ataweza, leo hata mpishi wa kambi ananicheka.

Mkabidhi Baba Mdogo ufunguo. Yeye ndiye atampeleka mama yako. Sitaki mjadala.

Baba yako

Machi 31

Kwako Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama si mzima.

Ndugu yako aliupokea ufunguo kwa mikono miwili. Ijumaa ya kwanza alikuja kumchukua Mama wakati kliniki imeshafungwa. Ya pili hakuja kabisa, alikuwa anambebea rafiki yake saruji. Jumatatu kidonda kikaanza kunuka. Nikamfuata dukani kwake, nikauchukua ufunguo mezani mbele ya wateja. Akasema sina adabu. Sawa, sina.

Getini nilishuka kuangalia pengo, nikapanda, nikashuka tena, Mama anaugulia nyuma. Hapo ndipo nilipoelewa. Plasta yako inasema kweli kwa macho yako, wewe ambaye kichwa kinagusa dari. Mimi hata nikikalia mto, boneti naiona nusu. Nikiilenga nguzo kwa plasta, gari linakuwa mbali nayo, limeshahamia kulia. Nikaibandua palepale, nikapita.

Daktari alisema tumechelewa. Vidole viwili vimekatwa. Baba, nina hasira na wewe kuliko na yeye, maana yeye tunamjua, na wewe unamjua, bado ukamwona bora kuliko mimi.

Siku hizi napanga ndoo uani, nasogeza gari, nashuka naangalia, narudia. Majirani wamecheka mpaka wamechoka. Sasa najua gari linaishia wapi. Ufunguo simpi mtu.

Mwanao

Aprili 15

Kwako binti yangu,

Marahaba, ingawa hukustahili. Barua yako niliitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Sijazaa mtoto wa kuniandikia hivyo.

Halafu nikakaa kwenye usukani wa lori, nikajikunja mpaka kimo chako, nikaangalia kioo. Kila kitu kikahama. Nilikaa pale nikiwa na hasira mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa.

Baba Mdogo nimemwandikia maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasoma. Nimepewa ruhusa, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitashuka stendi. Njoo unipokee wewe. Nitakaa mbele, nikuelekeze.

Baba yako

Aprili 17

Kwako Baba,

Shikamoo. Mama ameanza kukanyagia kisigino, analia lakini anakanyaga.

Stendi nitakuja, pamoja na Mama. Kiti cha mbele ni cha Mama, mguu wake lazima unyooke. Wewe utakaa nyuma, na sitaki kusikia kulia wala kushoto. Muuguzi amenifundisha kufunga kidonda. Tukifika nyumbani utakaa karibu nami, nifungue bendeji, uangalie mpaka nimalize. Ukishaona, ndipo tutasalimiana.

Mwanao