Dirisha la Bibi Lisiguswe

Baba Odilia,

Kiburu cha ndizi na maharage kipo kwenye hotpoti. Maziwa usiyaache wazi, paka wa jirani ameshayajua.

Fundi uliyemtuma asubuhi hii akate nondo za dirisha la sebuleni, aweke AC yako, nimemrudisha. Madirisha manne nyumba nzima, ukachagua hilo? Hapo ndipo mama yako akishuka kutoka kijijini Mkuu anakaa kutwa nzima, anasalimiana na mtaa mzima. Joto analilalamikia, sawa, lakini ulishamwona akihama pale? Halafu fundi anasema AC inataka mlango ufungwe. Mlango wetu huwa unafungwa mchana tangu lini?

~~Irudishe dukani.~~ Basi ifunge chumbani kwetu, ulale nayo wewe.

Naenda stendi kumpokea Bibi. Hospitali wamesema akae mjini wiki mbili. Akikuta dirisha lake limezibwa, kesho anarudi kwenye migomba yake, na mimi habari za Mkuu nitazipata kwa nani?

Kiti chake nimekifuta vumbi. Kirudishe dirishani, pale pale ulipokitoa kumpisha fundi.

Mama Odilia