Nilifuta Maneno ya Baba Yake, Sasa Amefariki

Bibi Salama, shikamoo. Sijui nianzie wapi lakini nisipokuambia wewe nitapasuka, mimi ni mama wa watoto wawili, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Kibiti, na nikipata nafasi naandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza makala. Wenzangu humo walinichagua kuwa mkabidhi, yaani naweza kufuta ukurasa na kumfungia mtu asiandike, na shoga yangu Nasma wa Kiongoroni, kule visiwani kwenye delta, nilimwingiza mimi mwenyewe, tulichezwa ngoma ya unyago pamoja, tulitolewa nje siku moja.

Nasma akaandika ukurasa wa Kiongoroni, akaweka majina ya vijito na nani alivipa, na kwa nini kisima cha upande wa msikiti kina maji matamu na cha ng'ambo kina chumvi, yote kasimuliwa na baba yake, Mzee Mfaume, mkata mikoko. Nikayaondoa, Bibi, kwa sababu sheria yetu inataka kila neno liwe na chanzo kilichochapishwa. Akanipigia, "We Faraja, chanzo gani tena unachotaka, si baba huyu hapa anakunywa uji? Nikupe uongee naye?" Na kweli akampa simu, mzee akacheka, akasema, "Mwanangu, mimi kitabu sina, nina panga." Nami nikacheka, nikamwambia Nasma lete kitabu. Akarudisha maneno yake, nikaondoa, akarudisha, nikaondoa, mpaka akachoka.

Baada ya muda ukurasa ukajaa upya, Kiswahili kizito, vyanzo chungu nzima. Nikatafuta, nikakuta Nasma kanakili neno kwa neno makala ya mtafiti mmoja wa chuo. Ule ni wizi wa maandishi, hauna jina jingine. Nikaufuta ukurasa wote, nikamfungia Nasma, nikaandika pale kwenye majadiliano wanapoona wote, kwa jina lake, kwamba ameiba. Vijana wakapiga picha maandishi yangu wakayasambaza kwenye makundi ya WhatsApp hadi huko kwao, wakamwita mwizi wa mikoko. Yeye alinitumia ujumbe mmoja tu, "Ungenipigia."

Juzi dereva wa bodaboda akanipa pole ya msiba akidhani najua, kumbe Mzee Mfaume amezikwa wiki iliyopita. Nasma hakuniambia. Kwetu mtu asipokuletea habari ya msiba amekutoa katika ndugu zake, kwa hiyo sikwenda, nitakwendaje na sikuambiwa? Na kinachonikosesha usingizi ni kwamba maneno ya mzee bado yapo, kilichofutwa mkabidhi anakiona, na Nasma aliyaandika moja kwa moja kwenye simu, hakubakiza nakala, hajui kwamba ninayo. Nikiyasoma nasikia sauti ya baba yake. Nifanyeje, Bibi?

Faraja, Kibiti

Marahaba, Faraja. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Barua yako nimesomewa, nikaagiza isomwe tena, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nalia na mara ya pili nilikuwa nimekasirika.

Nasma kakosea. Simfuniki kwa khanga. Jasho la mtu ni jasho la mtu, hata kama mwenyewe yuko chuoni anakaa kwenye feni. Na sheria zenu mimi sizijui, shule sikwenda, sitazibishia. Kama kitabu chenu hakina nafasi ya mzee asiyejua kalamu, basi hata mimi simo humo, na wala silii.

Lakini wewe! Umechezwa ngoma na mtoto wa watu, umekaa naye ndani, unajua hata anavyokoroma, halafu kosa lake unalipeleka barazani kabla ya kulipeleka sikioni kwake? Simu ulikuwa nayo mkononi. Ulishindwa nini kumwambia, "Shoga, hii si yako, itoe kabla sijaitoa mimi"? Angeitoa. Alikwenda kuiba kwa mgeni kwa sababu cha kwao ulikikataa. Hilo halimwondolei kosa, ila na wewe umo.

Sasa sikiliza. Harusini mtu hungoja mwaliko. Msibani nani kakudanganya kuwa watu hualikwa? Ulisikia kwa bodaboda, umesikia. Ungekwenda siku ileile na vumbi lako.

Marehemu mume wangu alikuwa na namna yake ya kuita kuku, hapa kwetu Ruaruke kila mtu aliijua. Leo nimebaki mimi, na nikijaribu haitoki. Ningepewa na mtu sauti ile hata kwenye karatasi, nisingemuuliza ametoka wapi wala alinikosea nini. Wewe unayo sauti ya baba wa mwenzio, unaifungia kwenye mashine, unaniuliza mimi ufanyeje? Hiyo ni amana, mwanangu. Amana hailaliwi.

Wewe si una kibanda cha kuchapa? Yachape maneno ya mzee yote, herufi zisiwe ndogo, asome hata mama yake Nasma. Mfungulie mwenzio huko ulikomfungia. Na palepale ulipomwita mwizi mbele ya watu, andika mbele ya watu haohao kwamba ulipaswa kumwambia yeye kwanza. Ukurasa wa wizi usiurudishe, uache ufe.

Kesho shuka Nyamisati, panda boti. Usipige simu kuomba ruhusa. Ukifika usikae mkekani na wageni, pitia uani, shika sufuria uoshe. Nasma akitoka mpe karatasi mkononi, usimweleze sheria hata moja. Atakufukuza, najua. Ondoka hapo mlangoni, rudi kwenye sufuria. Atakufukuza tena. Aliyefiwa hana mahali pa kuweka hasira, mwachie aiweke kwako, huna mgongo wewe?

Inawezekana asikusamehe. Msamaha siwezi kukuahidi, na asikuahidi mtu. Karatasi itakuwa yake hata hivyo.

Nenda, mama. Na ukiulizwa mbona umechelewa, usithubutu kusema hukuambiwa. Sema pole, kisha nyamaza.